JANA MWENZAO, LEO KIONGOZI WAO

Leo tuanze na jambo ambalo wengi wenu mmeliona shuleni. Mwenzenu mnayekaa naye dawati moja anachaguliwa kuwa kiranja. Jumatatu bado mnamwita kwa jina la utani. Ijumaa anasimama mlangoni mwa bweni na daftari la wachelewaji, na jina lako limo. Unanung'unika: "Huyu naye! Kapewa ukiranja juzi tu, ameshaanza kujiona." Na yeye huko aliko hana raha. Akikuandika unamnunia. Asipokuandika, bweni zima linasema anapendelea.

Sasa lichukue jambo hilohilo ulipeleke hospitalini, kwenye wodi yenye wagonjwa 30. Muuguzi aliyefanya kazi miaka mitano na wenzake, wakala pamoja, wakakopeshana nauli, wakachekana, anapata barua: kuanzia mwezi ujao yeye ndiye msimamizi wa wodi. Wenzake wanampongeza, wengine kwa moyo, wengine kwa midomo tu. Kesho yake asubuhi anaingia wodini na hajui asimame wapi.

Somo letu linamhusu muuguzi huyo. Kama unafikiria kusomea uuguzi, litakufaa huko mbele. Kama wewe ni kiranja, nahodha wa timu au mwenyekiti wa klabu, litakufaa kuanzia wiki hii.

NANI NI NANI WODINI

Ukienda hospitali ya wilaya hapa Tanzania, utawakuta wauguzi wa zamu. Hao ndio wanaotoa dawa, wanaochoma sindano, wanaopima joto na presha, wanaofunga vidonda na kuzalisha akina mama. Pamoja nao wapo wahudumu wa afya wanaosaidia usafi, chakula na kubeba wagonjwa. Juu yao kila wodi ina muuguzi msimamizi, ambaye kwa lugha ya kila siku wanamwita inchaji. Juu ya mainchaji yupo metroni, au patroni kama ni mwanamume.

Inchaji anafanya nini? Anapanga rosta, yaani nani aingie zamu ipi. Anapokea ripoti ya usiku. Anaagiza dawa na vifaa kabla havijaisha. Anahakikisha dawa kali za maumivu kama mofini zimefungiwa kabatini na zinahesabiwa watu wanapokabidhiana zamu. Anafundisha wauguzi wapya na wanafunzi. Anawasikiliza ndugu wa mgonjwa wakilalamika, daktari akilalamika, na wauguzi wakilalamika juu ya daktari na ndugu wa mgonjwa. Wahenga walisema mkubwa ni jalala. Takataka zote zinatupwa kwake, na haruhusiwi kunuka!

KUTOKA MIKONO YAKO HADI MIKONO YA WENZAKO

Mara nyingi anayepandishwa ni muuguzi hodari. Anapata mshipa wa mgonjwa mara moja, mkono wake ni mwepesi, wagonjwa wanamuulizia. Lakini kazi mpya inataka ustadi mwingine. Zamani aliulizwa: "Wagonjwa wako wanane wamepata dawa?" Leo anaulizwa: "Wagonjwa wote 30 wamepata dawa, pamoja na wale wa saa nane usiku wakati wewe umelala nyumbani?"

Hapo ndipo inchaji wapya wengi wanapojikwaa. Wanaona mwenzao anafunga kidonda polepole, wanamnyang'anya: "Lete, nitafanya mwenyewe." Wiki ya kwanza inapendeza. Mwezi wa pili amechoka, hasira ziko karibu, dawa za wodi zimeisha kwa sababu hakupata muda wa kuagiza, na yule mwenzake bado hajui kufunga kidonda vizuri. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Je, unajua? Florence Nightingale, Mwingereza anayejulikana kama mwanzilishi wa uuguzi wa kisasa, aliliona tatizo hili zamani sana. Mwaka 1854 aliongoza wanawake 38 kwenda kuwahudumia askari waliojeruhiwa vitani huko Scutari, Uturuki. Mwaka 1859 alitoa kitabu chake Notes on Nursing, na ndani yake akatenga sura nzima ya usimamizi wa mambo madogomadogo. Hoja yake kwa ufupi ni kwamba kazi nzuri unayofanya ukiwepo itaharibika yote kama hukupanga ifanyike vilevile usipokuwepo. Siku aliyozaliwa, tarehe 12 Mei, ndiyo inayoadhimishwa kila mwaka kuwa Siku ya Wauguzi Duniani.

NJIA MBILI ZINAZOPOTEZA

Mtu akipandishwa juu ya rafiki zake, njia mbili zinamvuta.

Njia ya kwanza ni ya ubosi. Anaogopa watamdharau, basi anakaza uso. Haamkii kwanza, anasubiri aamkiwe. Anafokea watu mbele ya wagonjwa. Anadhani ameheshimiwa, kumbe ameogopwa. Hofu ina hasara gani? Sikiliza mfano huu.

Mhudumu anakusanya takataka za chumba cha sindano. Sindano iliyotumika, ambayo mtu hakuitia kwenye boksi lake, inamchoma kidoleni. Anachotakiwa kufanya ni kuosha kidole kwa maji na sabuni bila kukiminya, kutoa taarifa mara moja, kupimwa, na akionekana anahitaji, kuanza dawa za kuzuia maambukizi ya VVU. Dawa hizo zinatakiwa kuanza mapema iwezekanavyo, ndani ya saa chache ikiwezekana, na zisicheleweshwe kupita saa 72. Zinatumiwa kwa siku 28. Lakini mhudumu anamfikiria inchaji: "Nikimwambia, atanifokea eti mzembe." Anafunga kidole na kitambaa, ananyamaza. Siku ya kwanza inapita. Ya pili. Ya tatu. Akija kupata ujasiri wa kusema, muda wa dawa umekwisha.

Umeona? Ukali wa inchaji haukumchoma mtu sindano, lakini umemfunga mdomo aliyechomwa.

Njia ya pili ni ya ushikaji. Huyu anaogopa kupoteza marafiki. Mtu akichelewa, anacheka naye. Rafiki akiomba asipangwe usiku, anamfuta. Kabati la dawa halikuhesabiwa, anasema "tutahesabu kesho". Ukimchekea nyani utavuna mabua, na shamba lenyewe hapa ni uhai wa watu.

Mfano wa pili ni wa wodi ya wazazi. Mama amejifungua saa saba usiku. Saa za mwanzo baada ya kujifungua ni za hatari kwa sababu mama anaweza kuvuja damu nyingi, na kuvuja damu ni moja ya sababu kubwa za vifo vya wazazi. Ndiyo maana katika saa ya kwanza muuguzi anampima kila dakika 15: mapigo ya moyo, presha, damu inayotoka, na kama mfuko wa uzazi umejikaza. Asubuhi inchaji anachukua karatasi ya vipimo. Presha 120/80, mapigo 80. Tena 120/80, 80. Tena na tena, safu nzima, kama wimbo. Binadamu hayuko hivyo. Namba za mtu aliye hai hupanda na kushuka kidogo. Inchaji anaelewa kwamba namba hizi hazikutoka kwenye mkono wa mama, zimetoka kwenye kalamu. Na aliyeziandika ni rafiki yake wa karibu.

Afanye nini? Tutarudi hapo. Kwanza tuone jambo linalovunja urafiki mwingi kuliko yote: rosta.

ROSTA NI HESABU, HAINA MSHIKAJI

Chukua wodi yenye wauguzi 10 wanaozunguka zamu zote. Kila usiku wanahitajika wawili. Kwa wiki nne, yaani siku 28, zamu za usiku ni 56. Ukigawa kwa 10, kila mmoja anapata zamu tano au sita. Ni ngumu ila inavumilika.

Sasa inchaji mpya anawaonea huruma rafiki zake wawili na kuwatoa usiku kimyakimya. Zamu bado ni 56, wagonjwa hawajapungua. Zinagawanywa kwa watu wanane: kila mmoja zamu saba. Hakuna atakayepiga kelele siku hiyo. Lakini yule mama mwenye watoto wadogo atahesabu. Yule anayetoka mbali kwa daladala mbili atahesabu. Mwezi wa pili wataanza "kuumwa" siku za usiku. Usiku mmoja wodi nzima itakuwa na muuguzi mmoja. Huruma kwa wawili imewafikia wagonjwa 30.

Je, hakuna anayestahili kutolewa usiku? Wapo, lakini watolewe kwa kanuni ambayo kila mtu anaijua. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kwa mfano, haimruhusu mwajiri kumpangia mama mjamzito kazi ya usiku katika miezi miwili kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua, na hata mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Hilo likibandikwa ukutani hakuna anayenuna, maana kila mmoja anajua likimfika na yeye atatendewa hivyohivyo.

Sikiliza mazungumzo haya ya marafiki wawili.

Rafiki: Mwenzangu, mwezi huu usinipange usiku bwana. Si unayajua mambo yangu?
Inchaji: Mambo gani? Una tatizo nyumbani au unachoka tu?
Rafiki: Aa, nachoka. Sasa na wewe umekuwa inchaji halafu mimi nisifaidi?
Inchaji: (anacheka) Haya, nikikutoa, zamu zako nimpe nani? Nitajie jina.
Rafiki: (kimya)
Inchaji: Ukiwa na shida ya kweli niambie, tutapanga. Kubadilishana na mwenzako ruksa, ila mwandike kwenye daftari na mimi nisaini. Kukutoa kimyakimya siwezi. Hata ningekutoa, ungeanza na wewe kunidharau.

Ona alivyofanya. Hakufoka, wala hakusema "mimi ndiye mkubwa hapa". Alimwomba rafiki yake ataje jina la mtu atakayeumia badala yake. Jino la upendeleo huwa linang'oka hapo.

SHIKAMOO NA MAELEKEZO

Kuna swali ambalo wanafunzi wanatuuliza sana tukizungumzia uongozi: vipi kama unayemwongoza ni mkubwa kwako? Wodini hili ni la kila siku. Inchaji anaweza kuwa dada wa miaka 29 mwenye stashahada au shahada. Chini yake yupo muuguzi wa miaka 54, ambaye alikuwa akizalisha akina mama wakati inchaji mwenyewe bado hajazaliwa.

Hapa inchaji asidhani cheo kimefuta umri. Asubuhi anamwamkia: "Shikamoo mama." Anaitikiwa: "Marahaba mwanangu." Halafu bila kigugumizi anampa kazi: "Mama, leo naomba uwe kitanda cha kwanza hadi cha nane. Kitanda cha tatu ndicho kina homa, utaniangalizia kila saa." Shikamoo haikumpunguzia uongozi. Na yule mama kuitikia "sawa inchaji" hakukumpunguzia utu uzima.

Tena mwenye hekima anautumia ujuzi wa mkubwa wake. Anamuuliza faragha: "Mama, wewe umekuwa hapa miaka mingi. Kwa nini dawa zetu huisha kila mwisho wa mwezi?" Mara nyingi jibu lipo miaka yote, ila hakuna aliyewahi kuuliza.

SASA TURUDI KWENYE ZILE NAMBA

Inchaji ana karatasi ya 120/80 mkononi. Hatua zake ziwe hizi:

1. Mgonjwa kwanza. Kabla ya kumtafuta mtu wa kumlaumu, anakwenda kwa mama na kumpima mwenyewe. Anakuta presha 100/60 na mapigo 118. Mama anayepoteza damu mapigo yake huanza kwenda mbio kabla presha haijashuka sana, kwa hiyo anamwita daktari hapohapo na matibabu yanaanza.

2. Faragha. Hali ya mama ikishatulia, anamwita rafiki yake chumbani. Hazungumzi mbele ya wagonjwa wala mbele ya wenzake.

3. Aseme alichokiona, asiseme tabia ya mtu. "Wewe ni mvivu" ni tusi. "Uliandika mapigo 80, mimi nimekuta 118" ni habari.

4. Asikilize, kisha atenganishe lake na la mwenzake.

Mazungumzo yalikuwa hivi:

Inchaji: Mama wa kitanda cha nne, uliandika 80 usiku wote. Mimi nimekuta 118. Ulimpima saa ngapi?
Rafiki: Mwenzangu, nilizidiwa. Mwenzangu wa zamu alimpeleka mgonjwa chumba cha upasuaji, nikabaki peke yangu, na mwingine anasukuma mtoto.
Inchaji: Kubaki peke yako hilo ni langu. Leo naongea na metroni, anayepeleka mgonjwa upasuaji asiwe yule wa wodi. Lakini kuandika usichopima hilo ni lako.
Rafiki: Sasa ningeacha karatasi tupu? Si ungenisema?
Inchaji: Acha tupu, andika sababu. Nafasi tupu inaniambia nikimbie. Namba ya uongo inaniambia nilale.
Rafiki: Kwa hiyo utaniandika?
Inchaji: Nitaandika taarifa, na utasoma nilichoandika kabla sijaipeleka. Angekuwa mwingine yeyote ningefanya hivihivi.

5. Aandike, na iishie hapo. Taarifa inakwenda kwa metroni kwa njia ya kawaida. Jioni haisimuliwi kwenye chai wala kwenye daladala.

Je, rafiki atanuna? Pengine wiki mbili. Pengine urafiki hautarudi ulivyokuwa. Tusidanganyane, cheo kina gharama zake na hii ni moja. Ila tazama upande wa pili: kitanda cha nne kuna mama anayenyonyesha mtoto wake.

WIKI YA KWANZA

Wengi wanasubiri ugomvi utokee ndipo waseme msimamo wao. Wakati huo kila neno linaonekana limemlenga mtu. Afadhali kusema mapema, wakati hakuna aliyekosa. Inchaji mpya anaweza kuwaita wenzake wote na kusema mambo manne mafupi:

- "Mimi ni yuleyule, ila kazi yangu imebadilika. Nitakuwa na maamuzi ambayo hayatawapendeza wote."
- "Rosta itabandikwa mapema, na kanuni zake zitakuwa wazi."
- "Mtu akikosea au akichomwa na sindano aniambie haraka. Kwanza tutamsaidia, ndipo tutaulizana."
- "Na mimi nikikosea, njooni mniambie faragha."

Baada ya hapo ajue kuna vitu anaviacha. Zamani alikaa na wenzake kumteta inchaji wa zamani. Leo akikaa kwenye mazungumzo hayo, anayetetwa atajua kesho yake na atakuwa hana pa kwenda kulalamika. Pia sasa anajua siri za wenzake: nani anatumia dawa gani, nani ana mimba ambayo bado hajaitangaza, nani ameomba ruhusa kwa sababu ya ugomvi wa nyumbani. Hizo ni za kufungiwa kama ile mofini ya kabatini. Siri ikivuja mara moja, hakuna atakayemweleza ukweli tena, na inchaji asiyeelezwa ukweli anaongoza gizani.

Kwetu tuna msemo kwamba cheo ni dhamana. Dhamana ni kitu cha watu ulichopewa ukitunze. Urafiki wako ni wako, unaweza kumpa umtakaye. Zamu za usiku, dawa za kabatini na uhai wa yule mama si vyako, kwa hiyo huwezi kumzawadia rafiki.

UNATAKA KUWA MUUGUZI?

Anza na masomo ya sayansi: Baiolojia, Kemia na Fizikia. Ukifaulu kidato cha nne unaweza kuomba chuo cha uuguzi na ukunga, ambako stashahada ni miaka mitatu. Anayepita kidato cha sita kwa sayansi anaweza kuomba shahada chuo kikuu. Ukihitimu, huwezi kuanza kazi mpaka usajiliwe na kupewa leseni na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Na wavulana, msijitoe! Uuguzi ni kazi ya wote.

JIPIME

Jadilini katika vikundi vya watu wanne au watano.

1. Wewe ni kiranja wa bweni. Rafiki yako wa karibu amerudi saa nne usiku. Wengine watano waliochelewa umeshawaandika. Utamwambia nini, na utamwambia wapi?

2. Bweni lina wanafunzi 24, na kila siku wanne wanasafisha choo. Kila mmoja anafikiwa baada ya siku ngapi? Ukiwatoa marafiki zako wanne, wengine watafikiwa baada ya siku ngapi?

3. Mwanafunzi amevunja kioo cha maabara na kujikata mkono, kisha ameficha. Taja mambo mawili ambayo kiongozi angefanya yakamfanya mwanafunzi huyo aseme mapema.

4. Igizeni mazungumzo ya inchaji na rafiki yake kuhusu zile namba. Mara ya kwanza inchaji awe bosi mkali. Mara ya pili awe mshikaji. Mara ya tatu afuate hatua tano tulizosoma. Waulizeni watazamaji: katika igizo lipi yule mama wa kitanda cha nne alikuwa salama zaidi, na kwa nini?